Neno la Mhakiki wa Tatu

KITUO CHA POLISI KIKINDA, CHUMBA CHA MAHOJIANO, GHOROFA YA PILI
Maelezo yaliyochukuliwa Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, kuanzia saa nne na robo asubuhi

Jina la shahidi: Emőke Tápai
Umri: miaka 17
Kazi: mwanafunzi wa sekondari, mwaka wa tatu
Makazi: Kikinda, nyumba za ghorofa za karibu na stesheni ya reli, anaishi na mama yake
Aliyehudhuria: Bi Gordana Stanisavljev, afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa shahidi hajatimiza miaka 18 na mama yake anahojiwa katika shauri hilihili
Mchukuaji wa maelezo: Inspekta Radoslava Milićev

Nimeelezwa kwamba nimeitwa kama shahidi, kwamba natakiwa kusema kweli, na kwamba silazimiki kusema neno la kumtia mama yangu hatiani. Nimeelewa. Nimeulizwa kama nitasema kwa Kihungaria au kwa Kiserbia. Shule ya msingi nilisoma kwa Kihungaria, sekondari nasoma kwa Kiserbia, kwa hiyo zote ni zangu. Nimechagua Kiserbia. Kihungaria ndiyo lugha ya nyumbani kwetu, na nyumbani mambo mengi huwa tunayaacha katikati.

Niliomba niulizwe polepole kwa sababu mimi si msemaji. Shuleni nikiitwa ubaoni hata jina langu hunipotea. Inspekta alisema hana haraka. Bi Gordana alinikatia nusu ya mkate wake wa chumvi akasema, "Kula kwanza, mwanangu, unaonekana kama shuka iliyofuliwa." Nilikula.

Mama yangu anaitwa Ildikó Tápai, ana miaka arobaini na minne. Ni mhadhiri msaidizi katika chuo cha ufundi hapa mjini, idara ya usimamizi wa uhandisi. Baba yangu anaendesha malori Austria. Yeye hahusiki.

Mkataba wa mama ulikuwa unaisha tarehe 30 Septemba mwaka huu. Utaratibu wao ni huu: msaidizi asiyepandishwa cheo kabla ya mkataba kuisha, anatoka. Na hapandishwi mpaka awe na makala za utafiti katika majarida yaliyo kwenye orodha ya wizara. Mama alipungukiwa makala moja. Ilibidi barua ya kukubaliwa ipatikane kabla ya mwisho wa Juni, ndipo maombi yake yapokelewe. Haya nayajua kwa sababu kwetu, badala ya kuzungumzia hali ya hewa, tulizungumzia hayo.

Makala yenyewe ilihusu kiwanda cha vigae kilicho nje ya mji. Kiwanda kilileta vifaa vya kupima unyevu wa vigae kwenye vikaushio, ili wafanyakazi waache kupima kwa kiganja kama walivyozoea tangu enzi za babu zao. Mama alitaka kujua kama watu wanaviamini vifaa hivyo. Aligawa madodoso kwa zamu zote tatu, ya asubuhi, ya mchana na ya usiku.

Majarida matatu yaliikataa makala hiyo. La kwanza lilisema ni ndefu, mama akaipunguza. La pili lilisema ni fupi. La tatu lilikaa nayo tangu maua ya miti mpaka theluji, likajibu kwamba halichapishi tena mambo ya viwandani. Kila jarida lina sheria zake za ukubwa wa herufi, za namna ya kupanga marejeo, za maneno muhimu yawe mangapi, na ukikosea hata moja wanairudisha kabla mtu hajaisoma. Mama alisema mara moja, "Hawa watu wanaitaka roho yangu, na wanaitaka kwa nafasi mbili kati ya mistari." Tulicheka. Hatukucheka sana.

Kazi ya kutuma nilikuwa naifanya mimi. Asubuhi mama alikuwa chuoni, jioni alifundisha hesabu watu wazima, na Kiingereza changu ni kizuri kuliko chake. Nilijua kuondoa jina la mwandishi kila mahali ili wahakiki, yaani wale wataalamu wanaosoma na kushauri mhariri, wasijue ni kazi ya nani. Nilijua kuandika barua ya kumsalimu mhariri ambaye hatumjui. Simlaumu mama kwa hilo. Nilipenda kuwa na kitu ninachokijua.

Mnamo tarehe 9 Machi, siku ya Jumapili, mchana, niliituma kwa mara ya nne. Safari hii ilikuwa kwa jarida la uhandisi na usimamizi wa teknolojia lenye ofisi nje ya nchi. Mama alikuwa amejilaza kwenye benchi la jikoni, kitambaa chenye maji usoni. Intaneti ya nyumbani ilikuwa imekatika, nikatumia ya simu yangu. Nilipofika karibu na mwisho, tovuti ilidai majina ya wahakiki watatu ambao mwandishi anawapendekeza, pamoja na barua pepe zao.

Nilisema, "Mama, wanataka wahakiki watatu."

"Weka yule bwana wa Osijek. Na yule mama wa Temišvar aliyenisifia kwenye mkutano."

"Wa tatu?"

"Sijui, Emőke. Weka yeyote anayejua viwanda."

"Yeyote?"

Alikuwa ameshalala.

Bila jina la tatu, kitufe cha kuendelea hakifunguki. Sheria zilisema mhakiki asiwe wa chuo cha mwandishi na asiwe amemfundisha ndani ya miaka mitano. Nikamwandika Profesa Vitomir Jerkov. Alistaafu miaka sita iliyopita, nikaona anapita. Mama hakujua. Nasema tena kwa sababu nimeulizwa mara mbili: mama hakujua, wala sikumwambia alipoamka. Aliniuliza tu kama imeenda, nikasema imeenda.

Nimeulizwa Profesa Jerkov ni nani kwetu. Alimfundisha mama tangu mwanzo mpaka shahada ya mwisho. Katika idara yao iko desturi kwamba profesa akistaafu, mwanafunzi wake wa mwisho ndiye anayemtunzia mambo yake. Anamchukulia barua chuoni, anampelekea keki siku ya sherehe ya mtakatifu wa ukoo wake, anamsimamia fundi wa bomba. Hakuna palipoandikwa, ila asiyefanya husemwa. Mama ndiye wa mwisho wa Profesa Jerkov. Macho ya profesa yalipoharibika, akawa anaona kingo za vitu tu na katikati giza, mama alimfungulia barua pepe na kumsomea. Kisha mama alizidiwa na kazi, ikawa zamu yangu. Kila Jumatano nikitoka shule nilikwenda kwake, nikamsomea barua na kuandika majibu kama alivyotamka. Neno la siri nililitunga mimi. Yeye hakutaka hata kulijua. Ninamwita Babu Vita. Yeye ananiita Bi Karani.

Mnamo tarehe 14 Mei, Jumatano, saa nane na nusu mchana, nilifika kwake na kompyuta ya mama, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu kwa kuwa kwake hakuna. Alikuwa jikoni anamenya njegere kwenye bakuli. Alipenda kazi ile kwa kuwa haihitaji macho.

Alisema, "Haya, Bi Karani, leo nani kanikumbuka?"

"Jarida moja linakuita mtafiti mashuhuri duniani. Linakuomba uandike kuhusu magonjwa ya meno."

"Mashuhuri! Marehemu mke wangu hakuwahi kuniita hata mtafiti. Na meno yenyewe nimebakiwa nayo manne. Futa. Kingine?"

Kingine kilikuwa mwaliko wa jarida lile, kumwomba ahakiki makala. Niliijua makala kwa kichwa chake. Sikuwa nimetegemea kwamba wangemwandikia kweli, kwa sababu mama aliwahi kusema wahariri huomba majina halafu hawayatumii. Ningeweza kuiruka barua ile. Asingejua. Lakini sijawahi kumrukia barua hata moja, nikaisoma. Kichwa cha makala nacho nilikisoma.

Alinyoosha mgongo. Ilikuwa miaka minne hajaombwa na mtu kuhakiki kitu. Alisema, "Kumbe bado wananijua! Waambie nimekubali. Tena tuifanye leoleo. Mhakiki anayekawia ni mwizi wa siku za mtu, na huwezi kujua huko kuna nani anangoja."

Nilimsomea yote, natafsiri kutoka Kiingereza huku naenda. Alisikiliza vizuri. Sehemu ya wafanyakazi wazee wanaopima vigae kwa kiganja alinifanya niirudie. Tulipofika kwenye jedwali la pili, vidole vyake vilisimama.

"Zamu ya usiku. Rudia."

Nilirudia.

"Watu wangapi?"

"Sitini na wanne."

"Na wote wamejibu sawasawa?"

"Karibu wote, Babu."

"Bi Karani, mimi na mke wangu tulikula supu meza moja miaka arobaini, na hatukukubaliana siku hata moja kama chumvi imetosha. Hawa sitini na wanne wamekubaliana wapi? Madodoso haya yamejazwa na mtu mmoja. Msimamizi wa zamu, nafikiri. Alikaa na kahawa yake, akatia alama zote ili akalale. Mwandishi hakwenda usiku. Aliacha bahasha."

Ilikuwa hivyo hasa. Mwezi Desemba mwaka 2022 nilikuwa na mama kwenye geti la kiwanda alipompa msimamizi bahasha ya madodoso ya usiku, kwa sababu dakika ishirini baadaye alikuwa na darasa la watu wazima. Msimamizi alimwambia, "Usihofu, dada, watajaza." Mama alimshukuru sana.

Babu Vita alisema, "Mwandishi ni mwanamke, ee?"

"Majina yameondolewa, Babu."

"Najua yameondolewa. Usiniambie." Aliendelea na njegere zake. Baada ya muda akasema, "Makala nzuri hii. Aliyeandika ile ya viganja anawapenda wale watu. Lakini amechoka. Unausikia uchovu kwenye sentensi, kama mtu anayepanda ngazi na mfuko mzito."

Kisha alinitamkia maoni yake. Nilikuwa nimezoea kuandika anavyotamka, na maneno yale sijayasahau, kwa hiyo naomba yaandikwe hapa kama yalivyokuwa:

"Kwa mwandishi mheshimiwa. Nimesoma kazi yako kwa furaha, na furaha ya namna hii siipati tena mara nyingi. Uliyoyaona kuhusu viganja hayajaonwa na mtu kabla yako, usiyatupe. Majibu ya zamu ya usiku hayawezi kuwa ya watu sitini na wanne. Sisemi umedanganya. Nasema umedanganywa na hukukagua. Rudi usiku, wewe mwenyewe, ukae nao, uwaulize mmoja mmoja. Ukimaliza, itume tena, hapa au kwingine, na ukinitaka nitaisoma tena. Kwa sasa nashauri isichapishwe."

Akasema, "Sasa bonyeza pa kukataa."

Nilimwambia, "Babu, kuna kisanduku cha marekebisho makubwa."

"Mtu hurekebisha kilichopo. Zamu ya usiku haipo."

"Labda mtu huyu hana muda wa kurudi."

Alinigeuzia uso. Hatazami watu, huwa anawageuzia sikio, lakini siku ile alinigeuzia uso. Alisema, "Muda hakuna aliye nao. Nilimkatalia hata shemeji yangu, alikuwa na muda kuliko wewe na mimi, hakunisalimia mpaka anakufa. Kataa, mwanangu. Ila andika kwa adabu, usimvunje moyo."

Kwenye ukurasa kulikuwa na visanduku vinne. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu, umbali wa meza. Nilibonyeza kisanduku kinachosema ikubaliwe kwa marekebisho madogo. Mahali pa maoni niliandika sentensi tatu za Kiingereza: kwamba makala ni bora, kwamba inafaa kwa wasomaji wa jarida, kwamba vichwa vya majedwali vipangwe upya. Kuandika hivyo kulikuwa kwepesi. Kumwambia Babu kwa mdomo wangu kwamba mwandishi ni mama, kwamba Juni iko karibu, hilo ndilo nililoshindwa. Kitufe hakihitaji sauti.

Aliuliza, "Umeshatuma?"

"Nimetuma, Babu."

"Umeandika ile ya viganja? Kwamba asiitupe?"

"Nimeandika."

"Safi." Alinijazia kiganja njegere mbichi. Nilizila njiani zote, nikijiambia kwamba nitamweleza Jumatano ijayo. Jumatano ijayo sikumweleza.

Tarehe 9 Juni, Jumatatu, jioni, jarida lilijibu. Mhakiki mmoja alikubali, wa Osijek alikataa, wa tatu alikubali, na mhariri akaamua makala ipokelewe. Mama alisoma barua kwenye simu akiwa amesimama mlangoni na viatu. Alikaa kwenye ngazi, nje ya mlango wetu, akavua kiatu kimoja. Jirani aliyekuwa anashusha takataka alimwuliza kama amefiwa. Mama alimjibu, "Hapana, jirani. Nimekubaliwa." Kisha akaingia akalala na nguo zake mpaka kesho yake mchana. Sikuwahi kumwona mama analala hivyo. Nilimfunika. Naeleza hili kwa sababu nimeulizwa kwa nini sikusema wakati ule.

Kwao idarani mtu akikubaliwa makala lazima awakirimu wenzake, na wa kwanza kukirimiwa ni mwalimu wake. Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa tano asubuhi, mama aliniambia twende kwa Babu Vita. Alikuwa ameoka keki ya kukunja yenye mbegu za popi na kubeba chupa ya pombe kali ya plamu za nyumbani kwa shangazi. Nilisema nina mtihani. Alisema, "Mtihani Jumamosi? Twende, yeye ndiye aliyenifikisha."

Babu Vita alifurahi kusikia sauti yake. Mama alimmiminia, wakagonganisha. Alimwuliza, "Haya, Ildikó, umewashinda akina nani safari hii?" Mama alitaja jina la jarida. Alisema inahusu wale wa kiwanda cha vigae, wanaopima kwa kiganja.

Babu Vita hakunywa. Aliishika glasi kwa mikono miwili, akaiweka mezani polepole, akaipapasa mpaka akaona imekaa sawa. Kisha akanigeuzia uso, mimi, si mama, akakaa hivyo. Kwenye dirisha palikuwa na nyuki anagonga kioo. Mama aliuliza, "Profesa, mbona kimya? Hukutegemea?"

Alisema, "Hongera, Ildikó. Ile ya viganja ni nzuri sana."

Mama alicheka. "Umejuaje ni nzuri? Hujaisoma bado."

"Nakujua wewe," akamjibu, na ndipo akanywa.

Hakuniuliza kitu siku ile wala Jumatano zilizofuata. Niliendelea kumsomea barua. Tofauti ni kwamba aliacha kuniita Bi Karani. Aliniita Emőke.

Mapema Septemba jarida liliandikia chuo. Mhakiki wa Osijek aliona makala imetoka na jedwali lilelile alilolikataa, akalalamika. Jarida lilichunguza, likakuta maoni ya mhakiki wa tatu yalitumwa kwa intaneti ya simu ileile iliyotuma makala. Waliiondoa makala. Kupandishwa kwa mama kukasimamishwa, na mkataba wake ukasogezwa mbele mpaka shauri liamuliwe. Nilimwuliza mama anajua nini, akasema, "Ni makosa ya mitambo, watayaona wenyewe." Siku ya pili yake nilimkuta ameiwasha kompyuta yake, anaitazama barua pepe ya Babu Vita. Aliifunga nilipoingia. Hatukusema kitu. Ndiyo maana nimesema nyumbani mambo tunayaacha katikati.

Tarehe 22 Septemba, Jumatatu, kamati ya chuo ilimwita Profesa Jerkov. Sikuwepo. Niliambiwa na mama, na baadaye na yeye mwenyewe. Alisema mbele ya kamati kwamba maoni ni yake, kwamba aliitambua kazi ya mwanafunzi wake akampitisha kwa makusudi, kwamba mtoto wa mwanafunzi huyo aliandika tu alichotamkiwa. Kamati ikamvua heshima ya uprofesa wa kudumu na kupeleka shauri hapa kituoni. Mama aliposikia alikuja hapa siku hiyohiyo akaandikisha kwamba aliyejaza maoni ni yeye, kwa barua pepe ya mzee, bila mzee kujua. Inspekta amenieleza kwamba ndiyo sababu nimeitwa. Kuna watu wawili, na kila mmoja anasema ni yeye.

Tarehe 24 Septemba, Jumatano, nilikwenda kwake kama kawaida. Kikasha cha barua pepe kilikuwa kitupu. Hata wale wa magonjwa ya meno hawakuandika. Nilimwuliza kwa nini alisema vile.

Alisema, "Mimi nina miaka sabini na tisa, pensheni yangu haiguswi. Mama yako bado ana njia ndefu. Wewe ndio kwanza unavaa viatu. Hesabu nyepesi hiyo."

"Lakini Babu, wewe ulisema hapana."

"Nilisema."

"Basi waambie."

"Nikiwaambia watauliza nani alisema ndiyo." Alisubiri. "Wewe uko tayari waulize?"

Aliniomba nimwekee maji ya chai, nikayaweka, nikaondoka kabla hayajachemka.

Toka siku hiyo sijalala vizuri, lakini si hilo nililokuja kuandikisha. Jumanne wiki hii nilikwenda chuoni kumpelekea mama funguo alizosahau. Wafanyakazi wawili wa idara walikuwa wanavuta sigara mlangoni. Mmoja alisema, "Unaona sasa, hata Jerkov. Miaka yote akijifanya hakimu." Mwenzake alisema, "Wote wako hivyo, kaka. Ni suala la nani ana mtu." Walicheka bila ubaya, kama watu wanaosema jambo la kawaida. Walinisalimia nikapita. Nilifika ghorofa ya tatu, nikampa mama funguo, nikashuka kwa mlango wa nyuma.

Leo asubuhi mama alinifunga vifungo vya koti kama nilivyokuwa mdogo. Alisema, "Sema ulikuwa shuleni."

"Jumatano natoka mapema, mama. Wanajua."

"Basi sema hukumbuki."

"Nakumbuka."

Alisema kwa Kihungaria neno ambalo sitalitafsiri, si tusi, ni jina aliloniita nikiwa sijaanza shule. Akafungua mlango.

Nimeulizwa nani alijaza maoni ya mhakiki wa tatu tarehe 14 Mei. Ni mimi. Hakuna aliyenituma. Mama yangu alijua Septemba alipoona barua pepe, na alichoandikisha hapa kwamba alijaza yeye si kweli, alikisema kwa ajili yangu. Profesa Jerkov naye alichoiambia kamati si kweli. Hakumpitisha mtu. Alisikiliza makala mwanzo mpaka mwisho, akaona kasoro yake, akaikataa kwa adabu, na mimi nikamdanganya usoni kwa kuwa hanioni. Kama chuo kinataka kujua alichosema, kimo humu, nimekitaja neno kwa neno.

Nimeulizwa kama naelewa kwamba kwa maneno haya kazi ya mama inaweza kupotea kabisa. Naelewa. Nimeulizwa kama nataka kuyafuta. Bi Gordana ameniambia naweza kunywa maji. Nimekunywa. Sitaki kuyafuta.

Niliyokuwa nayo ndiyo haya. Nimesomewa yote kwa sauti na nimeyakubali, isipokuwa nimeomba pale palipoandikwa "marehemu Jerkov" pasahihishwe, ni mke wake aliyefariki, yeye yu hai.

(sahihi) Emőke Tápai

Dokezo la afisa: Maelezo yamefungwa saa saba kasorobo. Kosa la kuandika lililotajwa limesahihishwa. Shahidi alipofika kwenye matukio ya tarehe 14 Mei nilimsimamisha, nikamweleza kwamba akiendelea hatasikilizwa tena kama shahidi tu na kwamba ana haki ya wakili. Alisema amesikia, akaendelea. Bi Stanisavljev ameshuhudia hilo kwa sahihi yake hapa chini.

Mama wa shahidi alikuwa anangoja kwenye korido. Shahidi aliomba amweleze mwenyewe, nikaruhusu, mlango ukiwa wazi. Walizungumza kwa Kihungaria. Binti alisema kwa muda mrefu, na kwa mwendo wa sauti yake nilitambua kwamba alikuwa anayarudia maoni ya profesa yaliyonukuliwa humu. Mama hakumkatiza. Mwishoni alisema maneno machache, ambayo Bi Stanisavljev, anayeijua lugha hiyo, amenitafsiria: "Profesa yuko sahihi. Sikwenda usiku." Kisha aliniuliza kwa Kiserbia kama anaweza kuingia kufuta maelezo yake ya tarehe 22 Septemba na kuandikisha mengine. Nimemkaribisha, na nimeanza karatasi mpya saa saba na dakika kumi.

(sahihi) Inspekta R. Milićev
(sahihi) G. Stanisavljev